Likizo ya boti ya matanga mwezi Agosti: Ugiriki, Kroatia au Uturuki?

Swali: Salaam mtaalamu. Nilipata cheti cha unahodha wa boti za matanga mwaka juzi, na tangu hapo nimekodi boti za siku moja moja tu, sijawahi kulala baharini. Mwaka huu tumepata wiki moja mwanzoni mwa Agosti, watoto wakiwa wamefunga shule. Tutakuwa sita: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili (miaka 8 na 11), shemeji yangu na mkewe. Mke wangu huchafukwa na bahari upesi. Shemeji ameona picha, anataka Santorini na Mykonos. Mimi nimesikia sifa za Kroatia, na rafiki yetu mmoja anasema Uturuki ndiko rahisi. Twende wapi?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na jibu, sababu zifuate. Kodi boti Lefkada, magharibi mwa Ugiriki, mkazunguke visiwa vya Ionia vya kusini: Meganisi, Kalamos, Ithaca na ncha ya kaskazini ya Kefalonia. Ukikuta boti zimekwisha, nenda Göcek, Uturuki. Kroatia iache kwa mwaka mwingine. Santorini na Mykonos, kwa wiki hiyo na kwa watu hao uliowataja, sikushauri hata kidogo, na shemeji umwambie ni mimi niliyekataa.

Wengi huchagua kwa picha, kisha wakafika na kukuta bahari ina mipango yake. Kabla ya kuangalia kisiwa, uliza upepo wa mahali pale katika wiki ile: unatoka wapi, unaanza saa ngapi, unalala saa ngapi au haulali kabisa. Baada ya hapo uliza umbali wa kutoka bandari hadi bandari. Maji ya buluu, samaki wa kuchoma na magofu ya kale yapo kila pembe ya Mediterania, wala hayajawahi kumharibia mtu likizo.

Nianze na Aegean, bahari ya mashariki mwa Ugiriki, maana ndiko shemeji anakovutia. Tangu Juni hadi Septemba, na hasa Julai na Agosti, bahari ile hupigwa na upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Chanzo chake ni mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Balkani na mgandamizo mdogo juu ya nyanda za Uturuki zilizopata joto la jua. Hewa hukimbilia kule kwenye mgandamizo mdogo, na visiwa vya Cyclades, yaani Mykonos, Paros, Santorini na wenzao, viko katikati ya njia. Mara nyingi meltemi huwa na nguvu ya 5 hadi 6 kwenye kipimo cha Beaufort, ndiyo noti (maili za baharini kwa saa) 17 hadi 27, na ukikaza hufika 7 au 8. Kibaya ni kwamba hauji na mawingu. Anga ni safi, jua linawaka, na mtu aliyefunga boti yake gatini nyuma ya kilima haoni tatizo lolote. Anapotoa omo, yaani mbele ya boti, nje ya rasi ndipo anapokutana nao. Tena haulali jua linapozama kama pepo za pwani zilivyo. Unaweza kuvuma usiku na mchana kwa siku tatu, nne, hata wiki nzima.

Na usidhani ukijibanza demani, yaani upande uliokingwa na upepo, ya kisiwa chenye milima umepona. Upepo hupanda mlima, ukafika kileleni, ukaporomoka upande wa pili kwa mikupuo mikali kuliko ule wa bahari wazi. Kwenye milango kati ya kisiwa na kisiwa, kama ule wa Evia na Andros, hubanwa na kuongeza kasi. Mabaharia wazoefu wa Kigiriki wenyewe hupaheshimu pale.

Sasa piga hesabu ya safari. Boti nyingi za kukodi huchukuliwa Jumamosi jioni na kutakiwa ziwe zimerudi kituoni Ijumaa jioni. Kutoka Athens hadi Santorini ni zaidi ya maili 100 za baharini, na boti ya futi 40 huenda noti 5 au 6. Kwenda ni raha tupu: upepo uko nyuma, tanga limejaa, kila mtu anapiga picha. Siku ya nne mnageuza, na upepo ule ule sasa uko usoni. Boti ya matanga haiwezi kuukabili upepo moja kwa moja, lazima ipige bisha, nyuzi 45 hivi huku na nyuzi 45 kule, kwa hiyo maili 20 za kwenye ramani zinageuka 28 au 30 za majini, omo ikipanda na kushuka juu ya mawimbi mafupi yaliyosimama. Hizo ni saa sita au saba za kugongwagongwa kila siku. Ukiamua kusubiri meltemi utulie, Ijumaa itakukuta uko kisiwa cha Ios, na kampuni itakutoza kwa kila siku ya kuchelewa. Wanaopata matatizo katika Cyclades mara nyingi hawakushindwa na upepo peke yake. Walishindwa na upepo uliochanganyika na tarehe ya kurudisha boti, kwa kuwa tarehe ndiyo inayomtoa nahodha bandarini siku ambayo angebaki.

Santorini kwenyewe kuna tatizo jingine ambalo picha hazionyeshi. Ghuba ile ni shimo la volkano. Kuta zake huzama wima, na kina kinakwenda mamia ya mita. Nanga yako haina pa kushika. Kibandari cha Vlychada kilicho kusini ni kidogo, mlango wake hauna kina kirefu, na Agosti hujaa. Kama shemeji ana hamu sana, mkimaliza wiki ya boti apande feri kubwa kutoka Piraeus, bandari ya Athens, akalale huko siku mbili. Atapata picha zake zote.

Upande wa Ionia mambo ni tofauti kabisa. Meltemi wa Cyclades haukufuati huko. Kuna maistro, upepo wa kaskazini-magharibi, nao una ratiba ambayo mtu mwenye familia anaweza kuipangia chakula. Asubuhi bahari ni shwari. Kwenye saa sita au saba mchana unaanza kupuliza, saa kumi umefikia noti 12 hadi 18 siku za kawaida, na jua likizama nao unakata. Zaidi ya hapo, kati ya Lefkada, Meganisi, Kalamos na bara kuna bahari ndogo iliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Wimbi ili likue linahitaji uwanja mrefu wa kusukumwa na upepo, na pale uwanja huo haupo. Unaweza kuwa na upepo wa noti 15, tanga likivuta vizuri, na maji yakawa na vijiwimbi tu. Kwa mtu anayechafukwa na bahari hili ni kubwa kuliko yote niliyokwisha kusema, kwa sababu kinachomtapisha ni mtikisiko, na mtikisiko huletwa na wimbi.

Umbali nao ni mdogo. Kutoka Nidri, kijiji cha Lefkada, hadi ghuba za Meganisi ni mwendo wa saa moja. Hakuna siku inayokulazimu kwenda zaidi ya maili 15 hivi. Ningekuwa mimi, wiki ningeipanga namna hii, ingawa huna haja ya kuifuata neno kwa neno. Jumamosi msiondoke, nunueni maji na chakula, laleni gatini. Jumapili asubuhi shukeni na mfereji wa Lefkada kuelekea kusini. Kaa katikati ya maboya, maana nje yake ni tope na kina ni kifupi. Mkitoka mtapita karibu na Skorpios, kisiwa ambako Aristotle Onassis alimwoa Jacqueline Kennedy mwaka 1968, kisha muingie mojawapo ya ghuba za kaskazini ya Meganisi. Jumatatu nendeni Kalamos au Kastos. Jumanne vukeni hadi Kioni, Ithaca, na mwondoke mapema, kwa sababu maistro ukishaanza utakuwa unatoka ubavuni kwa mbele. Jumatano ni Fiskardo, moja ya vijiji vichache vya Kefalonia vilivyonusurika tetemeko la 1953, ndiyo maana nyumba zake bado ni zile za zamani. Mlango wa bahari kati ya Ithaca na Kefalonia hubana upepo alasiri, kwa hiyo uvukeni asubuhi. Hata bila upepo ungetaka kuwahi: Agosti, mtu anayefika Fiskardo saa tisa hupata nafasi ya kuzungukazunguka tu. Alhamisi rudini Lefkada upande wa kusini, mlale Sivota. Ijumaa asubuhi, bahari ikiwa bado imelala, washa injini uelekee kaskazini hadi kituoni.

Unaona nilichofanya hapo. Vipande vya kurudi dhidi ya upepo vimewekwa asubuhi, upepo usipokuwepo, na matanga yamewekwa mchana. Katika Cyclades huwezi kupanga hivyo.

Jambo moja kuhusu kuchukua boti: kampuni nyingine huziweka Preveza, karibu na uwanja wa ndege. Hakuna ubaya, ila ukitoka huko kwenda kusini lazima upite daraja linaloelea la Lefkada, ambalo hufunguliwa kwa saa maalumu. Ukichelewa dakika chache utazungukazunguka ukisubiri, na upepo ukiwa mgongoni zoezi hilo si tamu kwa mgeni. Chagua Lefkada penyewe au Nidri.

Sasa nikuambie kitakachokutoa jasho, na si matanga. Ni gati. Kote Mediterania boti hufungwa tezi, yaani nyuma yake, ikielekea nchi kavu. Unasimama mbali na gati, urefu wa boti mara tatu au nne, unatia nanga, unaanza kurudi nyuma polepole huku mtu wa omoni akiuachia mnyororo, kulia una boti na kushoto una boti, watu wamekaa mezani wanakutazama. Mipira ya ubavuni iwe imeshafungwa kabla hujaingia bandarini. Kamba ya kwanza kwenda gatini ni ya upande wa joshini, yaani upepo unakotoka, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoizuia boti isimwangukie jirani. Shemeji asiruke, ashuke kwa kupiga hatua, boti ikiwa imekaribia. Watoto wakae ndani hadi injini izimwe. Kwenye vijiji vya zamani, miguuni pa gati huwa kuna mawe yaliyomwagwa chini ya maji, na bamba la usukani lililo majini, kwenye boti za kisasa, liko nyuma kabisa, basi usibane sana. Acha nafasi, tumia ubao wa kushukia. Asubuhi yake mnaweza kukuta nanga ya jirani imelala juu ya mnyororo wenu. Hilo halina lawama wala haraka: vuta nanga yako hadi ya mwenzako ionekane juu ya maji, pitisha kamba chini ya mnyororo wake uushike, shusha yako kidogo ijinasue, kisha uachie.

Kwa kuwa hujawahi kufanya hivyo siku sita mfululizo, nakushauri uchague kati ya mambo mawili. Ukodi nahodha kwa siku mbili za mwanzo, akufundishe gatini kisha ashuke. Mkumbuke kumpa pa kulala, maana boti ya vyumba vitatu mtakuwa mmeijaza na ataishia kwenye kochi la sebuleni. Au mwende kwa msafara, ambapo boti kadhaa za familia huongozwa na boti ya kampuni yenye fundi na mtu wa kupokea kamba gatini. Misafara kama hiyo imejaa Ionia. Kuna wanaoudharau msafara wakiona ni wa watoto wa shule. Mimi naona kwa mtu wa wiki ya kwanza ni pesa iliyotumika vizuri kuliko kuongeza futi tano za boti.

Kuhusu mama watoto: dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kung'oa nanga, kwani tumbo likishaanza kukataa haikai. Aongee na mfamasia achague isiyomlaza sana, na aijaribu nyumbani kwanza. Boti ikitembea asishuke chini kupika wala kusoma simu. Akae nje, karibu na tezi ambako mtikisiko ni mdogo kuliko omoni, macho kwenye upeo wa bahari. Mpe usukani. Anayeshika usukani mara chache hutapika, kwa sababu mwili wake unajua boti inakoelekea kabla haijaelekea. Watu watakuambia ukodi katamarani, boti yenye matumbo mawili sambamba, kwa kuwa hailali ubavu. Ni kweli hailali, na wake kwa waume wengi huipenda kwa hilo, lakini kwenye mawimbi mafupi ina mtikiso wake wa ghafla, bei yake iko juu, na kwenye gati la kijiji inakula nafasi ya boti mbili. Kwa Ionia huna haja nayo.

Göcek nimeiweka ya pili, na kwa utulivu wa maji peke yake huenda ingekuwa ya kwanza. Ni ghuba iliyojaa visiwa na hori, yaani vijighuba vilivyoingia nchi kavu, misonobari imeshuka hadi majini, na mnaweza kukaa wiki nzima bila kuonja wimbi la bahari kuu. Migahawa mingi ya kwenye hori ina gati lake. Ukila pale, unafunga boti bila malipo. Sababu ya kutoiweka juu ni joto. Agosti huvuka nyuzi 35 mara kwa mara, na kwenye hori iliyozungukwa na milima usiku haupepei. Watoto watashinda majini, sawa, lakini kulala ndani ya boti ni kazi. Tena usikubali ushauri wa kuruka kidogo hadi kisiwa cha Kigiriki kilicho ng'ambo. Ule ni mpaka wa nchi mbili, na boti ya kukodi inahitaji taratibu za kutoka na kuingia zitakazowamalizia siku. Kwa wanaohitaji viza, Uturuki haimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ugiriki imo, na Kroatia iliingia tarehe 1 Januari 2023, siku ile ile ilipoanza kutumia euro.

Kroatia ni nchi nzuri mno kwa matanga, nisionekane naibeza. Ina zaidi ya visiwa na miamba elfu moja, na upepo wake wa kiangazi, maestral, ni ndugu wa maistro wa Ionia: huja mchana, huondoka jioni. Vis, kisiwa kilichofungiwa wageni hadi 1989 kwa sababu kilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia, bado kina utulivu ambao kisiwa jirani cha Hvar kiliupoteza zamani. Tatizo ni Agosti. Marina hujaa mapema, ada za kulala ni kubwa, maboya kwenye ghuba hulipiwa, na hifadhi kama Kornati ina tiketi yake. Kuna pia radi za ghafla alasiri zenye upepo mkali, ambazo kwa nahodha mchanga zinataka jicho la kusoma mawingu. Ukipata wiki ya Juni mwaka mwingine, nitakupeleka Vis mwenyewe kwa maneno.

Mtu akikushawishi Karibi kwa bei nafuu ya Agosti, sababu ya unafuu ni vimbunga, ambavyo msimu wake ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Bretagne ya Ufaransa ni shule nzuri, lakini karibu na Saint-Malo maji hujaa na kupwa kwa tofauti inayofika mita 12 wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, na mikondo yake haimsubiri mtu. Visiwa vya karibu na Stockholm ni vya amani na mwanga hadi usiku. Ila watoto waliozoea maji ya moto hawatakaa baharini kwa muda mrefu.

Ukiweza kusogeza tarehe, mwisho wa Juni Ionia ni bora kuliko Agosti kwa kila kitu. Ukishindwa, angalau epuka wiki ya tarehe 15 Agosti, sikukuu ambayo Ugiriki na Italia nzima huwa likizoni na gati hujaa kuliko siku nyingine yoyote. Septemba bahari bado ina joto na watu wamepungua, lakini fuatilia utabiri: dhoruba Ianos ya katikati ya Septemba 2020 iliipiga Kefalonia, Ithaca na Zakynthos barabara.

Karatasi sasa. Ugiriki haitoshelezwi na nahodha mmoja. Mbali na cheti chako, mtu mzima wa pili hutakiwa awe na cheti au asaini tamko kwamba ana uzoefu wa kukusaidia. Kwa hali yenu atakuwa shemeji, basi badala ya kutazama picha, miezi hii mpeleke majini siku kadhaa ajifunze kutia nanga, kufunga kamba na kuirudisha boti mtu akianguka, ili anachokisaini kiwe kweli. Cheti chako kama hakiko kwenye mfumo wa Cheti cha Kimataifa cha Umahiri, unaotokana na Azimio Namba 40 la Tume ya Uchumi ya Ulaya ya Umoja wa Mataifa, tuma nakala kwa kampuni upate jibu la maandishi kwamba bandari itakikubali, kabla hujalipa chochote. Katika barua hiyo hiyo uliza makoti ya kuokolea ya saizi ya watoto, wavu wa pembeni, kivuli cha juu ya usukani, mwaka boti ilipotengenezwa, na amana ni kiasi gani. Uliza pia kama ukilipia bima ya kupunguza amana, bima hiyo inagusa nanga, mnyororo na boti ndogo ya kushukia, maana hivyo ndivyo vinavyopotea mara nyingi.